Mgeni wa Ng'ambo ya Barabara

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, mimi niogope nini? Ila nchi ile ina Idara ya Kutajwa, na anayetaka kuitaja anajaza fomu nakala tatu na kubandika picha ya pasipoti, nami sina picha. Tuseme tu ni nchi nzuri, ina mito, ina milima, na ina hospitali bora kuliko zote katika ukanda wake, ambayo mwananchi haruhusiwi kutibiwa ndani yake.

Msije mkadhani kuna ubaya. Jambo lilianza kwa nia njema kabisa. Mtukufu Rais alikwenda ng'ambo kusafishwa meno, akalazwa siku tisa kwa meno hayo hayo, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaamua kutumia akili. Akatazama. Akaona hospitali inang'aa, shuka nyeupe, wauguzi wanatabasamu, na katika jengo zima alimolazwa wagonjwa wote ni wageni. Huyu katoka kaskazini, yule katoka visiwani, mwenyeji hata wa dawa hayumo. Akakumbuka hospitali za nyumbani: shuka matundu matupu, wagonjwa watatu kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mmoja kichwa kule, wa tatu analala kwa zamu. Na wote, jamani, kila mmoja wao, ni mwananchi!

Rais hakungoja kuambiwa na mtu. Siku aliyorudi alianza kuhutubia akiwa bado kwenye ngazi za ndege.

"Ndugu zangu," alisema, na meno yakametameta mpaka wapiga picha wakafumba macho, "nimegundua kinachoharibu hospitali zetu. Ni nyinyi."

Umati ukapiga makofi hadi viganja vikawasha.

Baada ya mwaka mmoja ikasimama Hospitali Kuu ya Kimataifa ya Wageni, na juu ya lango lake bango lenye maandishi ya kijani: UBORA WA JUU, GHARAMA YA CHINI, KARIBU MGENI. Wizara ya Afya ikaunganishwa na ya Utalii, maana kazi ilikuwa moja. Hospitali za zamani zikageuzwa maghala ya kuhifadhia mabango mengine. Na mwananchi akiugua, sheria ikasema, apewe rufaa ya kwenda nje ya nchi papo hapo, bila upendeleo, awe waziri, awe mkata majani. Serikali itampa basi la bure mpaka kwenye daraja la mpakani. Kutoka hapo ni yeye na Mungu wake.

*

Sasa, mkabala na lango la hospitali hiyo, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibanda cha fundi saa mmoja aitwaye Chande. Fundi Chande alikuwa mtu wa makamo yaliyopitiliza kidogo, mpole wa nje, mkaidi wa ndani, na kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Saa alizitengeneza kwa kupapasa, na mtaa mzima ukapotea njia. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyechukua saa yake kwa Fundi siku ya Jumatatu, alipiga kengele ya kurudi nyumbani watoto wakiwa ndiyo kwanza wanaingia getini. Saa kubwa ya ofisi ya mkuu wa wilaya nayo ilitangulia kwa masaa saba, ila hiyo haikumdhuru mtu kwa kuwa ofisini hapakuwa na mtu.

Lakini si saa zilizomnyima Fundi Chande raha. Miezi minane nyuma alikuwa ameoa. Alimuoa Bi Somoe, mjane, muuza vitumbua aliyehamia kando ya kibanda ukungu ulipokwisha kuingia, na alimuoa bila kumwona. Alimjua kwa sauti, kwa harufu ya iliki, na kwa jinsi alivyoburuta kandambili ya kushoto. Habari za sura aliletewa na mshenga, na mshenga aliapa kwamba bibi ni mwembamba, mrefu wa shingo, macho makubwa ya kusinzia. Ule wembamba Fundi aliukanusha mwenyewe ndani ya wiki ya kwanza, wala hakulalamika, alishukuru. Ila tangu hapo akawa na shaka na yote yaliyobaki. Akimtazama mkewe aliona wingu lenye maua ya kanga. Likisema neno, ni Somoe. Likinyamaza, pengine ni pazia.

"Mke wangu, nataka nikuone," alikuwa akisema kila siku wakati wa chakula.

"Uone nini? Si unanisikia?"

"Mtu haoi sauti, Somoe."

"Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyokupikia. Kula."

Siku moja Bi Somoe hakumtania. Fundi akasikia mkono wake ukivuta kanga.

"Na je," alisema, "kama hutapenda unachokiona?"

Fundi Chande alitaka kujibu, akakosa la kusema, na kimya chake kikakaa pale mkekani kama mtu wa tatu. Akajilaumu wiki nzima. Alijua kwamba neno lolote angelisema lingekuwa la bure, maana mwanaume asiyeona anaweza kusifia hata mlango. Hapo ndipo alipoazimia: lazima aone, aone vizuri, ndipo ajibu.

*

Katika mtaa ule alipanga chumba Daktari Mlowe, bingwa wa macho wa hospitali ile ya wageni. Kila asubuhi alipita kuchukua vitumbua vyake viwili, na kila asubuhi alimtazama Fundi machoni akasonya kwa uchungu.

"Fundi, kazi hiyo ni dakika ishirini kila jicho. Naifanya mara kumi na tano kwa siku. Laiti ungekuwa mgeni!"

"Basi nitolee hapa hapa kibandani, Daktari. Bisibisi ndogo ninazo."

"Shhh! Unataka tufungwe? Hujui adhabu?"

Fundi alikuwa haijui. Daktari akamsomea kifungu kwa kichwa, kwa kuwa wafanyakazi wote walikariri: mwananchi atakayebainika ametibiwa kinyume cha sheria atarudishiwa ugonjwa wake. Si mzaha. Kila kilichotolewa katika mwili wa mgonjwa kilitiwa kwenye kichupa, kikaandikwa jina, kikawekwa ghala kwa siku thelathini, endapo kitahitajika. Mtaa wa pili yuko bwana mmoja aliyerudishiwa kidole tumbo mbele ya mashahidi wawili, na akatakiwa kusaini kwamba amekipokea kikiwa kamili.

"Kwa hiyo nife nikiwa sioni, na hospitali iko hatua ishirini?"

Daktari Mlowe akatazama kulia, akatazama kushoto, akajifanya anachagua kitumbua.

"Toka," akanong'ona. "Halafu ingia."

*

Basi la rufaa lilimchukua kesho yake. Bi Somoe alimfungia vitumbua kwenye karatasi, akamfunga na shali ingawa jua lilikuwa kali, na wakati wa kuagana hakusema kitu ila "haya". Fundi aliipokea ile "haya" na kuisikiliza njia nzima.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na nchi jirani, na mwanzo wa nchi jirani kulikuwa na kijiji chenye nyumba thelathini na moja, soko la mbuzi, na mwenyekiti mmoja mchangamfu aitwaye Mzee Lipumbwe. Hospitali hakikuwa nayo. Hata zahanati. Watu wa kijiji kile, wakiugua, walivuka daraja wakatibiwa vizuri kabisa katika nchi ya Fundi Chande, kwa kuwa wao ni wageni.

"Karibu kwetu, mwanangu," alisema Mzee Lipumbwe, ingawa walilingana umri. "Unaumwa nini?"

"Macho, mzee."

"Hapa huna dawa. Ila dawa ya kupata dawa unayo. Wewe tangu leo ni mzaliwa wa hapa. Jina lako Kapalata. Baba yako alikuwa mfuga mbuzi, alikufa kwa kupenda sana maziwa. Umeshika?"

Fundi akashika. Mzee akaandika barua, akagonga muhuri, na Fundi kwa shukrani akamtengenezea saa yake ya mkononi, ambayo mpaka leo haijapata kusema kweli. Nje ya nyumba ya mwenyekiti foleni ilikuwa ndefu: wenye mabusha, wenye meno, wajawazito, na kijana mmoja mwenye mfupa wa kuku kooni aliyekuwa akijifunza jina lake jipya kwa ishara. Wote walikuwa wananchi wa rufaa, wote walikuwa wakizaliwa upya. Kwa hesabu za wizara, kijiji kile chenye nyumba thelathini na moja kilikuwa kimeshaleta wagonjwa elfu arobaini, na Waziri alikisifu bungeni kwa moyo wake wa kusafiri.

Siku ya tatu Fundi alirudi darajani. Yule yule afisa aliyempigia kelele wakati wa kutoka, "We mzee, sogea na mashali yako!", sasa alikuwa ameketi chini ya mwavuli wa rangi na karatasi ya mtihani wa ugeni.

"Unaionaje hali ya hewa?" aliuliza afisa.

"Uuh! Joto!" alisema Fundi, akijipepea kama alivyofundishwa.

"Sahihi. Pale unaona nini?"

Fundi hakuona kitu, lakini alisikia mlio. "Mbuzi."

"Unafanya nini?"

"Nampiga picha."

"Sahihi. Ukikaribishwa ugali?"

"Naomba uma."

Afisa akasimama, akapiga saluti, akamvisha shada la maua na kumpa dafu lenye mrija. "Karibu sana katika nchi yetu, mheshimiwa," alisema kwa upole ambao Fundi Chande hakuwahi kuusikia kwa afisa yeyote tangu azaliwe, na kidogo machozi yamtoke.

*

Sitamficha mtu: hospitali ile ilikuwa nzuri. Kitanda ni cha mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Muuguzi akikuchoma sindano anakuomba radhi kabla na baada. Supu ina nyama, nyama yenyewe inaonekana, kwa mwenye macho.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kanuni zilitaka kila mgeni awe na mkalimani wa serikali, na mkalimani aliyepewa Fundi alikuwa bwana mmoja mwembamba, mwenye tai, asiyejua lugha nyingine yoyote isipokuwa hii yetu. Hilo halikumzuia kufanya kazi.

"Habari za asubuhi?" alisema Daktari Mlowe, akikaza uso kama hajapata kumwona Fundi maishani.

Mkalimani akamgeukia Fundi. "Tabibu bingwa anadadisi siha yako katika wasaa huu wa macheo."

"Nzuri," alisema Fundi.

"Mgeni anabainisha kwamba siha yake imestawi."

"Mwambie asiogope, haitauma."

"Tabibu anakusihi uiage hofu, kwani maumivu hayatahudhuria."

Na kweli hayakuhudhuria. Dakika ishirini jicho la kwanza, dakika ishirini la pili, na Fundi akasikia vichupa viwili vikigongana vilipokuwa vinapelekwa ghalani. Akafungwa bendeji, akaambiwa itatolewa kesho. Bi Somoe asingeweza kuja kumjulia hali, maana mwananchi hapiti lango lile, lakini kupitia dirishani Fundi alimsikia waziwazi ng'ambo ya barabara akiita wateja: "Vitumbua! Vya moto!" Akalala akitabasamu.

Kulipokucha Daktari Mlowe aliingia mbio mbio, mkalimani akiwa bado anafunga tai, na kwa mara ya kwanza akasahau kujifanya.

"Fundi, tumekwisha! Wamehesabu. Wewe ndiye mtalii wa tiba wa elfu hamsini. Waziri anakuja kuzindua macho yako."

*

Mheshimiwa Makwinya, Waziri wa Afya na Utalii, alizindua kila kitu. Aliwahi kuzindua kisima, akazindua ndoo ya kisima, akarudi tena kuzindua kamba. Macho hakuwa amewahi. Akaja na wapiga picha, bendi ya polisi, na mkasi uliolazwa juu ya mto mwekundu, na mbele ya halaiki akaikata bendeji kama utepe.

"Natamka rasmi," alisema, "kwamba macho haya yamefunguliwa!"

Bendi ikapiga. Fundi Chande akafumbua, na kitu cha kwanza alichokiona baada ya miaka miwili ya ukungu kilikuwa pua ya Waziri, kila kinyweleo mahali pake. Alishangaa kwamba dunia ina ncha kali hivyo. Akaona vifungo. Akaona inzi akitembea kwenye mto mwekundu, na miguu yake sita. Akafikiri: basi, leo ndiyo leo.

"Mgeni wetu," alisema Waziri taratibu na kwa sauti ya juu, kama ilivyo desturi ya kuzungumza na watu wa nje, "sasa unaona! Serikali itakupeleka popote. Unataka kuona nini kwanza katika nchi yetu? Simba? Mlima? Maporomoko?"

Mkalimani alipomaliza kuyageuza maporomoko, Fundi akanyoosha kidole dirishani.

"Yule mama anayeuza vitumbua."

Daktari Mlowe akashika ukuta. Lakini Waziri akang'aa uso mzima. "Utalii wa utamaduni!" alisema. "Andaeni msafara!"

Msafara ulikuwa na magari kumi na sita. Kwa kuwa barabara ilikuwa na hatua ishirini, gari la mbele lilifika kabla la nyuma halijawasha moto, ikabidi wazunguke mji mzima kwa ving'ora ili ionekane wamesafiri. Nusu saa baadaye Fundi Chande aliteremka mbele ya kibanda chake mwenyewe, akiwa na shada shingoni.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama, na kila mtu alimjua. Mwalimu mkuu alifungua mdomo na kuinua mkono wenye saa, kisha akaviona vile viatu vya polisi, akaufunga mdomo na kuurudisha mkono mfukoni.

"Mgeni," alisema Waziri, "huyu ni mwanamke wa kiasili, akikaanga kitumbua cha kiasili."

Fundi alitazama. Aliona jiko. Aliona mikono minene yenye unga mpaka kwenye viwiko, na kandambili ya kushoto iliyolika upande. Juu ya hapo palikuwa na kanga iliyovutwa mpaka ikaacha jicho moja tu.

"Karibu, mgeni," ilisema ile kanga, na sauti ilikuwa ya Somoe.

Moyo wa Fundi ulienda mbio kama saa iliyokazwa kupita kiasi. Akitaja jina lake, amekwisha; vichupa viko ghalani na Waziri ana mkasi. Akijizuia, ataondoka bila kuona alichokifuata. Akamgeukia mkalimani.

"Mwambie naomba aiteremshe kanga."

"Mgeni anaomba sitara ya uso ipewe likizo."

"Mwambie mgeni kuna kovu," alisema Bi Somoe polepole. "Mafuta ya moto yalinimwagikia, zamani. Asije akasema hakuambiwa."

"Mama anatoa tahadhari ya athari za kale za mafuta."

"Mwambie nimekuja kuona," alisema Fundi, "sikuja kuchagua."

Mkalimani hakuwahi hata kuanza. Bi Somoe aliiteremsha kanga mabegani, akasimama wima, na ili pasiwe na udanganyifu akaligeuza shavu la kushoto kwenye jua. Kovu lilitoka chini ya jicho likashuka mpaka taya, laini, likiwaka. Pua ilikuwa pana. Shingo ilikuwa fupi. Macho yalikuwa madogo, ya mtu anayecheka sana, na sasa hivi yalikuwa hayacheki hata kidogo, yalikuwa yanangoja. Mshenga alikuwa amedanganya kila kitu kuanzia juu mpaka chini, na Fundi Chande akamkasirikia kwelikweli, kwamba mtu aliyekuwa na mwanamke huyu wa kumweleza alikwenda kueleza mwingine.

Machozi yakamtoka, mengi, ya macho mapya.

"Wageni huguswa sana na vyakula vyetu," Waziri aliwaeleza wapiga picha.

"Mheshimiwa," alisema Fundi, "naomba kumuoa."

Akina mama wa mtaa wakapiga vigelegele, bendi ikadhani ni zamu yake, na Waziri akawa anaruka ruka kwa furaha. Ndoa ya kimataifa! Picha itakwenda mpaka kwenye kalenda! Ila yeye ni mtu wa taratibu.

"Mama, una mume?"

"Ninaye, Mheshimiwa. Alipewa rufaa ya nje."

"Aa, pole sana." Waziri akavua kofia. "Kwa takwimu za wizara yangu, mwananchi aliyekwenda rufaa hajapata kurudi hata mmoja. Wewe kisheria ni mjane wa rufaa. Uko huru. Unamkubali mgeni?"

Bi Somoe akamtazama Fundi kuanzia viatu mpaka shada, kama anayemwona leo, na watu wakaanza kucheka chini chini.

"Ana umri kidogo," alisema. "Muulizeni tena. Ameniona vizuri? Upande wote?"

"Mama anahoji upeo wa..."

"Nimekuona," alisema Fundi.

"Basi nimekubali."

"Alhamdulillahi!" Fundi Chande aliruka, akamkumbatia, unga ukatimka, shada likakatika.

Mkalimani akabaki kidole juu. "Mheshimiwa Waziri!" alipiga kelele. "Mgeni ameelewa kabla sijatafsiri!"

Bendi ilishusha tarumbeta. Daktari Mlowe alifumba macho, akiviona vile vichupa viwili vikirudi kutoka ghalani. Fundi alimshika mkewe mkono na kumkodolea, haraka haraka, kama mtu anayekariri, ili hata wakimrudishia ukungu wake awe ameshaichukua ile sura akaiweka ndani. Waziri alikunja uso. Alifikiri. Ilikuwa kazi nzito ambayo hakuizoea, na mshipa wa kipaji ukamtoka.

"Makofi!" alisema mwishowe. "Makofi, jamani! Hospitali gani nyingine duniani itakutibu macho na kukufundisha lugha kwa dawa hizo hizo?"

Yalipigwa makofi ambayo hayajapata kupigwa katika mtaa ule.

*

Karani wa wizara alikuja na daftari kuandikisha ndoa. Kwa mujibu wa kifungu cha pili, alieleza, mke wa mgeni ni mgeni, na jamaa za mke wa mgeni ni wageni, wote wanaruhusiwa hospitali.

"Mama, una ndugu?"

Bi Somoe akainua macho akautazama mtaa. Pale alikuwa amesimama mama mwenye tezi shingoni, mzee mwenye fimbo, msichana aliyeshika taya. Serikali ilikuwa imetunga sheria nzuri sana, ila ilisahau imeitunga katika nchi gani.

"Huyu shangazi yangu," alisema Bi Somoe. "Yule mjomba. Wale pale wote ni watoto wa mama mkubwa."

"Mama mkubwa alikuwa na watoto sitini?"

"Alijaliwa. Na mwalimu huyo ni mtani wetu."

"Mtani naye ndugu?"

"Wewe baba umekulia wapi? Mtani asipokuwepo nani atakuzika?"

Karani akaandika. Majirani wa majirani wakaja, walionyonya pamoja, waliokuwa jandoni pamoja, walioazimana chumvi. Daftari la kwanza likajaa, la pili likajaa. Kwenye la tatu karani aliinama na kushusha sauti.

"Mama, samahani. Marehemu babu yangu upande wa mama alikuwa mtu wa kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Popote," alisema karani. "Mgongo unaniua."

"Jiandike, mwanangu."

Mwaka ule wizara ilitangaza kwamba utalii wa tiba umevunja rekodi, kwamba idadi ya wageni waliotibiwa sasa inalingana na idadi ya wananchi wote, na kwamba wananchi wenyewe, kwa sera nzuri za serikali, wameacha kuugua kabisa. Rais akatunukiwa nishani, akaipokea akicheka meno yote.

Lakini siku ile, watu walipokwisha kuvuka barabara kwenda kupanga foleni na magari kumi na sita yakaondoka, pale kibandani walibaki wawili. Bi Somoe alikwishageukia jiko lake. Fundi Chande aliketi kwenye kigoda, mikono magotini, akimtazama.

"Acha basi, unaniunguzia vitumbua."

Hakuacha. Vikaungua kweli, na Bi Somoe akavipakua hivyo hivyo bila kuvitazama, maana alikuwa akipangusa shavu kwa ncha ya kanga, na hakulifunika tena.

"Haya, we mgeni," alisema. "Na yule mume wangu akirudi kutoka rufaa, nitamwambia nini?"

"Mwambie kuna mtu amekuona," alisema Fundi.